Hakim Aliyewaogopa Wazima

Siku yangu ya kwanza kazini Juba, mlinzi wa lango aliishika barua yangu juu chini, akaitazama kwa muda kidogo, akanirudishia na kusema, "Enda kwa hakim."

Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda majuma mawili tu yaliyopita, na kwa Kiswahili nilichorudi nacho hakimu ni yule anayeketi juu ya kiti kirefu na kukupeleka jela. Nikaanza kutafuta kosa langu. Siku zile haikuwa kazi ngumu kujihisi una kosa. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, mapatano yametiwa sahihi, lakini sisi tuliorudi bado tulikuwa tunaweka furushi la nguo karibu na mlango. Ukimwona askari barabarani, unashuka mtaroni kwanza, halafu ndipo unajiuliza umeshuka kwa nini.

Nilimkuta nyuma ya jengo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata kucha. Mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo visivyolingana. Nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa.

"Mheshimiwa, sijui kosa langu."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka hadi akakohoa, akajipangusa macho kwa kiwiko. Kwa Kiarabu cha Juba, hakim ni daktari.

Nilifanya kazi naye miaka sita. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka ndani ya ua ule, na mimi sitakuwa wa kwanza. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, mtaa wa Kator, na haipo tena. Wakati wa vita alikuwa msituni na wapiganaji, akitibu majeraha chini ya turubai. Wengine walisema miaka saba, wengine kumi. Yeye alisema tu, "Mrefu." Kiswahili chake alikiokota mpakani, kambi hii na ile, na alikizungumza bila kuhangaika na ngeli.

Ukiwauliza watu wa Kator waliomfahamu, kwanza watakusimulia utulivu wake. Ni kweli. Asubuhi moja lori kutoka upande wa Yei lilipinduka likiwa limepakia watu juu ya magunia ya mihogo mikavu. Waliletwa na gari la askari, wamelazwa wamepishana, na damu ilikuwa ikichirizika nyuma ya gari kabla halijasimama. Mimi niliiona ile damu nikageuka kutazama ukuta. Nasema lililotokea: nilikuwa na cheti cha uuguzi, na nilitazama ukuta.

Hakim alitoka akipiga mluzi. Alipita katikati yao akiwagusa shingoni mmoja mmoja. Waliopiga kelele aliwaruka. "Anayelia ana pumzi," alisema. Alinishika bega, akanigeuza, akauchukua mkono wangu na kuukandamiza juu ya paja la mwanamke mmoja. "Hapa. Usitoe mpaka mimi narudi." Nikamwuliza yule mwanamke jina lake, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa shuleni.

"Jina baadaye," Hakim alisema bila kugeuka. "Kwanza damu."

Siku za namna hiyo hakuwahi kuuliza jina la mtu. Alikata nguo kwa mkasi mkubwa wa fundi cherehani, akafunga mshipa uliokuwa ukivuja, akaondoa mchanga na vipande vya suruali vilivyoingia nyamani, akajaza vitambaa safi, akasimama. "Kalas," alisema, yaani basi. "Ingine kesho kutwa, kama yeye bado iko." Hakuremba kitu. Alikuwa akifanya kile tu ambacho bila hicho mtu angekufa kabla ya jua kuzama, na kingine chote alikiacha. Katikati ya kazi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Baadaye tuliletewa daktari kijana, msomi, mwenye mikono mizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Juma lake la kwanza alimpokea mkulima aliyekanyaga bomu la zamani shambani. Hakim hakuwepo. Kijana aliosha mguu ule, akaushona vizuri kiasi kwamba sisi wauguzi tuliitana kuja kuona. Mishono ilikuwa midogo, iliyolingana, kama pindo la nguo ya harusi.

Hakim alifika asubuhi, akainama, akaunusa ule mguu. Kisha akachukua mkasi akaikata mishono yote, mmoja baada ya mwingine, mwenye kazi yake akiwa amesimama pale.

"Nimekosea nini?" kijana aliuliza, sauti ikiwa imepanda.

"Hapana kosea. Umeshona vizuri. Lakini umeshona tope ndani." Akatuonyesha rangi ya nyama iliyokuwa chini. "Kidonda ya bomu haishonwi siku yake. Unaacha wazi, unangoja, unaangalia. Ikiwa safi, unafunga. Hii si upasuaji kama ile umefundishwa. Ile, wewe umechagua mahali pa kukata. Hii, bomu ndiyo imechagua."

Mkulima yule aliondoka na miguu yake miwili. Kijana alinuna kwa mwezi mzima, kisha akaanza kumfuata Hakim kila mahali na daftari.

Nimesimulia haya kwanza kwa sababu bila haya hutaamini yanayofuata.

Jumanne na Alhamisi zilikuwa siku za wazima. Ndivyo Hakim alivyowaita wale waliopangiwa upasuaji wakiwa na uvimbe, ngiri, tezi la shingo, mambo ambayo mtu anaweza kuishi nayo mwaka mzima akilima na kucheza ngoma. Walikuja wenyewe siku moja kabla, wameoga, wamevaa nguo ya kanisani. Na Hakim, yule aliyepiga mluzi penye damu ya lori, aliwaogopa watu hawa kama mtoto anavyomwogopa nyoka.

Siku hiyo ya kuja kwao, saa kumi alasiri, alikwenda kukaa kitandani kwa kila mmoja. Hapo sasa alitaka majina: la mgonjwa, la mume, la watoto, nani anapika nyumbani mama akiwa hayupo, shamba liko wapi, nani ataangalia mbuzi. Wagonjwa walifurahi. Walidhani ni upole. Mimi nilisimama nyuma yake na kuona jasho likimtoka shingoni. Na asubuhi, kabla ya kunawa, alizunguka nyuma ya jiko la kuchemshia vyombo akatapika. Kila Jumanne. Kila Alhamisi. Alirudi, akasukutua, akanyoosha mikono nimvalishe glavu, na mikono hiyo ilikuwa baridi kama ya maiti.

Ndani hakupiga mluzi. Kazi ambayo daktari kijana aliimaliza kwa nusu saa, Hakim aliifanya kwa saa mbili, akisimama, akiangalia, akiuliza mgonjwa anapumuaje. Alifunga tumbo tabaka kwa tabaka, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo yake.

Nilimwuliza siku moja, tulipokuwa tukikunja vitambaa. Niliuliza kwa adabu, kwa kuzunguka: mbona Jumanne Hakim hali chochote?

Alikiweka kitambaa chini.

"Sista, yule wa lori, mimi nimemkuta anakufa. Mimi nikishindwa, lori imeua. Wa risasi, risasi imeua. Lakini huyu wa leo, jana amechota maji. Amekuja hapa anacheka. Hakuna kidonda kwake mpaka mimi naweka." Akakiangalia kisu kilichokuwa kwenye sinia. "Akikufa huyu, nani ameua?"

Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kuziogopa Jumanne.

Hata nje ya hospitali alikuwa na woga wa kuchagua chagua hivyo. Daraja jipya la mtoni lilipofunguliwa, watu walipanda magari kuvuka na kurudi kwa furaha tu. Hakim alishuka garini mwanzoni mwa daraja akatembea kwa miguu hadi ng'ambo, akishika chuma. Lakini alikuwa amevuka mto uleule wakati wa vita juu ya gogo, chini ya risasi, na hadithi hiyo aliisimulia akicheka. Kilichomlazimu hakikumtisha. Kilichomtisha ni kile ambacho angeweza kukiacha.

Na huko ndiko ubaya ulikotokea.

Palikuwa na fundi seremala, mtu wa makamo, aliyerudi kutoka Uganda kama sisi. Alikuwa na ngiri, uvimbe kinenani, uliotoka anapobeba mbao na kurudi anapolala. Alipangiwa Jumanne moja, akaja akiwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe. Hakim alimtazama, akasema glavu hazitoshi. Arudi juma lijalo. Akarudi. Mara hii etha ya kumlaza usingizi ilikuwa kidogo. Mara ya tatu jenereta ilikuwa na sauti asiyoipenda. Glavu zilikuwa chache kweli, na jenereta ilikoroma kweli. Lakini lingeletwa gari la majeruhi saa ileile, tungefanya kazi bila glavu na kwa taa ya karabai, na wote tulijua.

"Nimekuja tena, Sista," fundi alikuwa akiniambia, akicheka. "Mimi sasa iko kama mfanyakazi wa hapa. Nipeni na mshahara."

Mara ya nne Hakim alisema mawingu ni mazito, huenda mvua ikazima taa. Nilimsindikiza fundi hadi langoni. Nilitaka kumwambia amngoje daktari kijana, aliyekuwa mjini Malakal kwa miezi miwili, amwombe yeye. Sikusema. Mwuguzi kumsema Hakim wake! Niliogopa, nikamwambia, "Malesh, pole baba. Juma lijalo."

Alirudi kabla ya juma hilo kwisha, adhuhuri, amebebwa na wanaume wanne juu ya ubao wa mlango. Uvimbe ulikuwa umetoka ukagoma kurudi, utumbo umekabwa ndani tangu juzi. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na midomo imekauka.

Ndipo nikasikia mluzi.

Hakim alikuja mbio kutoka wodini, macho yamewaka, mikono imetulia. "Maji ya mshipa! Chemsha vyombo! Mtu wa etha yuko wapi?" Hakutapika. Hakuuliza glavu. Alifungua, akakuta utumbo mweusi, akaukata kipande, akaunganisha, haraka na bila kusita, na nakiri kwamba sijawahi kuona kazi bora kuliko ile. Nami nilikuwa nikimpa vyombo huku nikiusikia ule mluzi. Nilimwogopa. Sikuwahi kumwogopa hivyo tangu siku ya kwanza.

Fundi alifariki siku ya tatu, asubuhi, mkewe akimpepea.

Hakim aliandika kwenye kitabu, akasema taratibu, kama alivyosema kwa wote wa namna hiyo, "Amechelewa kuja."

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi si mtu wa maneno. "Hakuchelewa, Hakim," nilisema. "Alikuja mara nne. Alikuja mzima, wewe ukamngoja mpaka akawa majeruhi."

Mke wa fundi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. Nilidhani Hakim atanifukuza kazi papo hapo. Nilidhani atanipiga. Alisimama na kalamu mkononi, na uso wake ukaporomoka taratibu, kama ukuta wa udongo uliolowa. Halafu akasema neno moja.

"Ndiyo."

Akaenda kwa yule mama, akapiga magoti sakafuni mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, akazungumza naye kwa Kibari kwa muda mrefu. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona mama yule akiacha kupepea, akamtazama, kisha akageuza uso upande wa ukuta. Hakim aliendelea kupiga magoti pale hata baada ya kugeuziwa uso, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Jioni hiyo hiyo alichukua daftari la Jumanne akaandika majina ya wote aliowarudisha nyumbani. Hakuhitaji kuuliza, aliwakumbuka na vijiji vyao na watoto wao. Akatuma watu wawaite. Walikuja, majuma kwa majuma, na aliwapasua wote, akitapika kabla ya kila mmoja. Sikusikia tena habari ya mawingu.

Nami nilikuwa na langu. Nilipomkaripia Hakim, mimi mwenyewe nilikuwa na uvimbe tumboni, nimeuficha chini ya aproni mwaka wa pili sasa. Nililegeza sare, nikawaambia watu nimenenepa kwa mihogo. Kila Jumanne niliandaa kitanda kile cha upasuaji kwa ajili ya wengine, nikakipangusa, nikajiapiza kwamba mimi sitalala hapo. Baada ya kifo cha fundi nilikaa siku nyingi nikibishana na nafsi. Mwishowe nilimfuata Hakim kwenye ndoo yake, nikamshika mkono, nikauweka tumboni kwangu.

Alibonyeza, akafumba macho.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Wewe pia," alisema. Basi.

Alikuja kukaa kitandani kwangu saa kumi alasiri kama alivyofanya kwa wote. Aliniuliza majina ya watoto wangu, ingawa aliyajua; mmoja yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mabegani. Aliuliza nani atapika. Nilijibu yote. Nilitaka kumwuliza kama nitakufa, na nikaona kwamba na yeye alitaka kuniuliza hilo hilo.

Asubuhi walinilaza. Dirisha lilikuwa wazi, na kupitia dirisha nikamsikia Hakim nyuma ya jiko, akitapika. Mwuguzi mwenzangu aliona haya, akaenda kulifunga. Nikamwambia aliache. Siwezi kueleza vizuri. Woga wangu haukuondoka, ulikuwa palepale umenikalia kifuani, lakini nilijua sasa kwamba nje kuna mtu mwingine aliyebeba sehemu yake. Angekuja akipiga mluzi, ningeruka kutoka kitandani nikakimbia na shuka.

"Usihesabu moja, mbili," aliniambia kinyago cha etha kilipokaribia. "Hesabu watu wa nyumbani kwako." Nilianza na mama yangu. Sikufika kwa mtoto wa mwisho.

Niliamka alasiri. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kofia ya upasuaji bado kichwani, amelala mdomo wazi. Waliniambia ilichukua saa tatu.

Aliacha kazi mwaka wa sita, macho yalipoanza kumsumbua. Alihamia Gudele, ambako wakati huo kulikuwa pori na mashamba, nyumba moja hapa na nyingine kule, na njia ya kwenda huko ilikuwa ya miguu. Nilikwenda kumwona mara moja tu, siku ya Jumatatu. Mjini kulikuwa na minong'ono tena: askari wanahamishwa, watu fulani wameingia porini na hawajarudi. Nilitembea njia nzima nikitazama nyuma.

Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba, mguu mmoja umenyooshwa, ungo wa karanga mapajani. Alimenya kwa kupapasa. Alinitambua kwa sauti, akafurahi, akaulizia watoto mmoja mmoja. Kisha akarudia karanga zake.

"Sista. Wazima, nani anawapasua sasa?"

Nikamtajia daktari kijana, ambaye hakuwa tena kijana sana. Nikamsifu, maana anastahili. Mikono yake ni mizuri, nikasema, ni mwepesi, wagonjwa hawakai sana chini ya etha, na waliokufa ni wachache kuliko zamani.

"Vizuri. Majeruhi pia?"

"Majeruhi pia. Haachi tope ndani."

Alitabasamu. Akamenya karanga nyingine, akalipuliza ganda.

"Na yeye iko anaogopa?"

"Hapana, Hakim. Yeye haogopi. Anaimba wimbo wa redio."

Mikono yake ikasimama. Macho yake, yaliyokuwa na ukungu, yalielekea mahali nilipoketi, pembeni kidogo ya uso wangu.

"Woga wangu ulikuwa mwingi. Umeua mtu," alisema. "Lakini bila kabisa, hiyo pia ni mbaya. Mtafutieni mtu anaogopa, asimame karibu naye pale ndani."

"Yupo," nilisema.

"Nani?"

"Ni mimi, Hakim."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akanisogezea ungo.

"Basi kula karanga, uende kabla jua halijazama," alisema. "Kesho usichelewe."